Kufunga na kulinganisha darubini ya bunduki ya hewa

Kufunga na kulinganisha darubini ya bunduki ya hewa ni kazi ya kukaza darubini ya kulengea juu ya bunduki inayorusha risasi kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, kisha kuirekebisha mpaka kitovu cha msalaba unaoonekana ndani yake kionyeshe mahali hasa risasi itakapopiga katika umbali uliochaguliwa. Bunduki ya aina hii huitwa pia bunduki ya upepo.

Kazi hiyo ina sehemu mbili zinazotegemeana. Darubini isiyofungwa imara haiwezi kulinganishwa, kwa kuwa kila risasi inayopigwa huisogeza kidogo. Mpigaji asiyejua jambo hilo huweza kuzungusha vifundo vya darubini siku nzima akitafuta kosa ambalo kumbe liko kwenye skrubu. Kwa sababu hiyo ufungaji hutangulia, na ulinganishaji hufuata.

Makala hii inahusu hasa bunduki ya springi yenye mtutu wa kukunjwa na risasi za milimita 4.5. Ni aina iliyoenea sana, na pia ndiyo inayoisumbua darubini kuliko nyingine.

Historia fupi

Bunduki za hewa si jambo jipya. Mnamo mwaka 1780 hivi jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na fundi Girardoni, ambayo kitako chake kilikuwa chupa ya kuhifadhia hewa. Wapelelezi Lewis na Clark walibeba bunduki ya hewa katika safari yao ya kuvuka Amerika ya Kaskazini kati ya miaka 1804 na 1806.

Kulenga kwa bunduki ya hewa katika umbali wa mita 10 kumekuwa mchezo wa Olimpiki tangu michezo ya Los Angeles ya mwaka 1984. Katika mchezo huo darubini hairuhusiwi. Mpigaji hulenga kwa kuchungulia katika tundu dogo. Darubini hutumika zaidi katika mchezo wa shabaha za uwanjani, uliozaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo shabaha za chuma zenye maumbo ya wanyama huwekwa katika umbali mbalimbali, na mchezaji hana budi kukadiria umbali wa kila moja. Darubini hutumika pia katika kuua panya wa ghalani pale sheria inaporuhusu.

Kwa nini bunduki ya springi huharibu darubini

Ndani ya bunduki ya springi mna pistoni inayosukumwa na springi nzito. Mpigaji anapokunja mtutu, springi hubanwa na pistoni hurudi nyuma na kunaswa. Kifyatulio kinapovutwa, pistoni huruka mbele na kuibana hewa, mfano wa pampu ya baiskeli iliyozibwa kwa kidole, na hewa hiyo huisukuma risasi.

Pistoni inapokwenda mbele, bunduki nzima husukumwa nyuma. Mara pistoni inapofika mwisho na kukutana na mto wa hewa iliyobanwa, husimama ghafla, na bunduki hurushwa mbele. Kwa hiyo bunduki hii hupiga teke mara mbili, kwanza nyuma kisha mbele, kwa muda mfupi sana.

Bunduki ya baruti hupiga teke nyuma tu. Darubini nyingi zimeundwa kustahimili teke la upande huo, na lenzi zake huimarishwa dhidi ya upande huo. Ndiyo maana darubini ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa bunduki ya baruti huweza kulegea ndani baada ya kufungwa kwenye bunduki ya hewa inayoonekana kuwa dogo na dhaifu. Kabla ya kununua, inafaa kuhakikisha kwamba mtengenezaji ameandika kuwa darubini yake inafaa kwa bunduki ya springi.

Bunduki zinazotumia hewa iliyojazwa katika chupa hazina pistoni nzito inayoruka, hivyo teke lake ni dogo sana na karibu darubini yoyote huzifaa.

Sehemu za darubini na vifungio

Darubini ya kulengea ina lenzi ya mbele, lenzi ya jicho, na bomba linaloziunganisha. Ndani ya bomba mna msalaba wa nyuzi nyembamba. Katikati ya bomba mna vifundo viwili vya kuzungusha: cha juu husogeza pigo juu au chini, na cha pembeni husogeza pigo kulia au kushoto. Kila hatua ya kifundo husikika kama mlio mdogo uitwao kliki.

Namba zilizoandikwa juu ya darubini, kwa mfano 3-9x40, zina maana kwamba darubini hukuza picha kutoka mara 3 hadi mara 9, na kwamba kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 40.

Darubini hushikwa na pete. Bomba nyingi zina kipenyo cha inchi 1 (milimita 25.4) au milimita 30, na pete lazima zilingane na kipenyo hicho. Chini ya pete mna taya zinazobana reli ya bunduki. Bunduki nyingi za hewa zina mifereji miwili ya mshazari yenye upana wa milimita 11 hivi, iliyochongwa juu ya mwili wa bunduki. Bunduki za baruti mara nyingi huwa na reli pana zaidi, kwa hiyo pete za aina moja hazikai juu ya reli ya aina nyingine.

Sehemu ndogo iliyo muhimu sana ni pini ya kuzuia. Kwa kuwa teke la mwisho huirusha bunduki mbele, pete hubaki nyuma na kuteleza polepole juu ya reli. Pini iliyo chini ya pete huingia katika tundu la reli na kuzuia mtelezo huo. Bunduki isiyo na tundu huwekewa kizuizi cha chuma nyuma ya pete ya nyuma.

Usalama na sheria

Bunduki ya hewa si kichezeo. Risasi yake huweza kupenya ngozi, kupofusha jicho na hata kuua. Kabla ya kazi yoyote ya kufunga darubini, bunduki huhakikishwa kuwa haina risasi na springi yake haijabanwa.

Mambo yafuatayo huzingatiwa wakati wote:

- Mtutu huelekezwa mahali salama, na kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.
- Darubini ya bunduki haitumiwi kutazamia watu, kwa kuwa kumtazama mtu kupitia darubini hiyo ni kumwelekezea mtutu.
- Jua halitazamwi kamwe kupitia lenzi.
- Nyuma ya shabaha pawe na ukingo wa udongo au mifuko ya mchanga. Jiwe, bati na mti mgumu huweza kuirudisha risasi kwa mpigaji.
- Mpigaji na walio karibu naye huvaa miwani ya kinga.
- Mtutu uliokunjwa hushikwa kwa mkono mmoja wakati risasi inapopakiwa, ili usifyatuke na kukata vidole.
- Bunduki ya springi haifyatuliwi bila risasi, kwani pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga chuma kwa chuma.
- Mikono huoshwa baada ya kushika risasi, kwa sababu madini ya risasi ni sumu.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Uingereza bunduki ndefu ya hewa isiyozidi nguvu ya jouli 16.3 hivi haihitaji kibali cha silaha katika sehemu kubwa ya nchi, na Ujerumani kikomo cha kumiliki bila kibali ni jouli 7.5. Mahali pengine bunduki ya hewa huhesabiwa kuwa silaha kamili. Anayetaka kuimiliki hana budi kuuliza polisi wa mahali pake kwanza.

Kufunga darubini

1. Kusafisha. Mafuta hufutwa kwenye reli, ndani ya pete na juu ya bomba la darubini. Chuma chenye mafuta huteleza hata kikikazwa sana.

2. Kufunga sehemu za chini za pete. Pini ya kuzuia huingizwa katika tundu lake, na taya hukazwa juu ya reli. Nafasi kati ya pete mbili iwe kubwa kadiri darubini inavyoruhusu, bila pete kugusa kizimba cha vifundo wala sehemu inayopanuka ya lenzi.

3. Kutafuta umbali wa jicho. Darubini hulazwa juu ya pete na sehemu za juu hufungwa kwa kulegezwa. Mpigaji hufumba macho, huweka shavu juu ya kitako kama kawaida yake, kisha hufumbua. Akiona duara kamili lisilo na kivuli kando, darubini iko mahali pake. Akiona kivuli, huisogeza mbele au nyuma. Kwa kawaida jicho hukaa sentimita 7 hadi 10 kutoka lenzi ya jicho. Kipimo hiki hufanywa wakati ukuzaji uko katika namba kubwa, kwa sababu hapo ndipo nafasi ya jicho huwa finyu zaidi.

4. Kunyoosha msalaba. Uzi wenye jiwe dogo mwishoni, yaani timazi kama ya fundi mwashi, hutundikwa mita 10 au zaidi mbele ya bunduki. Bunduki huwekwa wima kwa kutumia pimamaji, kisha darubini huzungushwa ndani ya pete mpaka mstari wa wima wa msalaba ufuate uzi. Msalaba ulioinama huweza kulinganishwa katika umbali mmoja, lakini katika umbali mwingine pigo litakwenda kando.

5. Kukaza. Skrubu za pete hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, mfano wa nati za tairi la gari, ili nafasi kati ya sehemu ya juu na ya chini ya pete iwe sawa pande zote. Hukazwa kwa nguvu za vidole kwenye upande mfupi wa ufunguo wa pembe sita. Kukaza kupita kiasi hubonyeza bomba na huweza kubana sehemu za ndani, hivyo vifundo vikashindwa kufanya kazi.

6. Kukagua kitako. Skrubu zinazoshikilia kitako cha mbao au plastiki hulegea kwa teke la springi. Zikilegea, bunduki haipigi mahali pamoja hata darubini ikiwa bora namna gani.

Mstari mnyofu na mkondo wa risasi

Mtu anapolenga, macho yake hufuata mstari mnyofu kupitia darubini. Risasi haifuati mstari huo. Inaanzia chini yake, kwa kuwa mtutu uko sentimita 4 hivi chini ya katikati ya darubini, na tangu inapotoka mtutuni huanza kuanguka kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Kulinganisha ni kuinamisha darubini kidogo sana ili mistari hii miwili ikutane. Kwa kawaida hukutana mara mbili: risasi inapopanda na inapoteremka.

Mfano wa hesabu huonyesha jambo hilo. Tuseme risasi inakwenda mita 240 kwa sekunde bila kupungua mwendo, darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, na ulinganisho umefanywa katika mita 30. Risasi hufika mita 24 kwa sekunde 0.1, na kwa muda huo huanguka sentimita 4.9. Kwa hesabu hiyo, pigo litakuwa hivi likilinganishwa na kitovu cha msalaba:

- mita 6: sentimita 2.0 chini
- mita 12: sentimita 0.6 chini
- mita 18: sentimita 0.2 juu
- mita 24: sentimita 0.4 juu
- mita 30: penyewe
- mita 36: sentimita 1.0 chini

Mstari hukatwa mara ya kwanza karibu na mita 16, na mara ya pili katika mita 30. Katika hali halisi hewa huipunguza risasi mwendo, hivyo anguko huwa kubwa zaidi kuliko la mfano huu, hasa mbali. Hata hivyo umbo la mkondo ni hilohilo. Linaeleza kwa nini bunduki iliyolinganishwa vizuri hupiga chini kwa shabaha iliyo karibu sana, jambo linalowashangaza wengi.

Kulinganisha darubini

Kwanza huchaguliwa risasi. Risasi za bunduki ya hewa ni vipande vidogo vyenye kiuno chembamba, na kila mtutu huzipokea kwa namna yake. Ulinganisho uliofanywa kwa risasi za aina moja hauaminiki kwa aina nyingine. Bunduki mpya hupigwa risasi nyingi za mazoezi kwanza, kwa sababu mafuta ya kiwandani huungua ndani yake na kubadilisha mwendo wa risasi.

Kisha vifundo huwekwa katikati. Kifundo huzungushwa mpaka mwisho wa upande mmoja, huhesabiwa kliki zote mpaka mwisho wa upande wa pili, na kurudishwa nusu yake. Hivyo hubaki nafasi ya kurekebisha pande zote.

Hatua ya kwanza hufanywa karibu, katika mita 10, juu ya karatasi kubwa yenye alama ndogo katikati. Hapo hata pigo lililokosea sana huonekana kwenye karatasi. Hupigwa risasi tatu, na pigo husogezwa karibu na alama, chini yake kidogo. Baada ya hapo shabaha hupelekwa mita 25 au umbali uliochaguliwa.

Huko hupigwa risasi tano kwa kulenga alama ileile, bila kugusa vifundo. Matundu matano hufanya kundi, na katikati ya kundi ndiyo huhesabiwa. Tundu moja halitoshi, kwa kuwa hata bunduki nzuri hutawanya risasi zake kidogo. Anayerekebisha baada ya kila tundu hufukuza mtawanyiko huo na hafiki mwisho.

Darubini nyingi husogeza pigo robo ya dakika ya pembe kwa kila kliki. Dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Katika mita 100 dakika moja ni sawa na milimita 29 hivi; katika mita 25 ni milimita 7.3, na robo yake ni milimita 1.8. Kundi likiwa milimita 36 chini na milimita 18 kulia kwa alama, hesabu huwa hivi:

- 36 ÷ 1.8 = kliki 20 kwenda juu
- 18 ÷ 1.8 = kliki 10 kwenda kushoto

Mshale ulioandikwa juu ya kifundo huonyesha upande ambao pigo litakwenda. Baada ya marekebisho hupigwa kundi jingine, na hesabu hurudiwa mpaka katikati ya kundi iwe juu ya alama.

Namna ya kushika bunduki

Bunduki ya springi huanza kutikisika wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Kwa hiyo namna inavyoshikwa hubadilisha mahali pa pigo. Ikilazwa juu ya meza au jiwe, huruka na kutupa risasi kando. Ikibanwa kwa nguvu, pigo hubadilika kadiri ya nguvu ya mikono. Njia inayofaa ni kuilaza juu ya kiganja kilichofunguliwa, kiganja chenyewe kikiegemea mfuko laini, na kuiacha ipige teke lake kwa uhuru, namna moja kila mara.

Paralaksi

Paralaksi ni hali ya msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha pale jicho linaposogea. Ni kama kipimamwendo cha gari, ambacho abiria aliye pembeni huona mshale wake ukionyesha namba tofauti na anayoiona dereva. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimepangwa kwa umbali wa karibu mita 90 au 100, hivyo hukosea katika mita 10 au 20. Darubini za bunduki ya hewa hupangwa kwa umbali mfupi au huwa na pete ya kurekebisha umbali. Kuweka shavu mahali palepale kila mara hupunguza kosa hilo.

Matatizo na vyanzo vyake

- Kundi linahama siku hadi siku: hukaguliwa skrubu za kitako, za pete na za reli. Alama ndogo ya penseli nyuma ya pete huonyesha kama zimeteleza.
- Kliki za juu zimeisha na pigo bado liko chini: mtutu wa kukunjwa mara nyingi huelekea chini kidogo. Hutumika pete maalumu zilizoinama, au kipande chembamba cha plastiki huwekwa chini ya bomba katika pete ya nyuma.
- Pigo huenda kando umbali unapobadilika: msalaba umeinama, au mpigaji huinamisha bunduki.
- Kundi limetawanyika ghafla: darubini huenda imevunjika ndani. Hupimwa kwa kupiga kundi, kisha kusogeza kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini na 20 kushoto, na kupiga kundi kila baada ya hatua. Darubini nzima huchora mraba na kurudi mahali pa kwanza.

Kanuni inayofaa katika matatizo yote ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Aliyebadilisha risasi, akakaza pete na kuzungusha kifundo kwa pamoja hawezi kujua kipi kilichosaidia.

Kutunza ulinganisho

Ulinganisho haudumu milele. Joto, risasi za pakiti mpya, springi iliyochoka na pigo la kuangusha bunduki huweza kuubadilisha. Wapigaji makini huandika katika daftari aina ya risasi, umbali, tarehe na hali ya hewa, kisha hupiga kundi moja la majaribio kabla ya mashindano au uwindaji. Kwa anayewinda jambo hili lina uzito wa pekee: sentimita mbili za kosa, ambazo juu ya karatasi ni tundu tu nje ya alama, hutosha kumjeruhi mnyama badala ya kumwua mara moja. Bunduki isiyothibitishwa kwenye karatasi haielekezwi kwa kiumbe hai.

Tazama pia

- Bunduki
- Darubini
- Lenzi
- Mvutano wa dunia